Kesho Getini Nitasema Mwenyewe

Zaituni mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa kusema mimi mzima, wasiwasi ni juu yako. Mimi si mzima sana. Nina hasira tangu Jumatatu, na kabla hujaanza kujiuliza umefanya nini, nakwambia mapema kwamba si juu yako. Nyingine ni juu ya walimu, nyingine juu ya baba yako, na ile kubwa ni juu yangu mwenyewe. Umekwenda Mengo kuwaaga kina shangazi, na najua watakuchelewesha kwa chai na dua. Acha niandike kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kukukumbusha sabuni.

Habari za sabuni sitaandika. Wala chandarua, wala soda ya mtu usiyemjua kwenye basi, wala wavulana wa chuo. Shangazi yako Mariamu atakuwa amekwisha kukuhutubia hayo yote, na kwa hotuba yule hana mpinzani. Huko Lira unakokwenda si mwezini. Ukisahau kitu utakinunua hukohuko.

Nataka kuandika juu ya maneno uliyomwambia shangazi yako hapa jikoni wiki iliyopita, ukidhani niko uani naanika nguo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na beseni mkononi. Ulisema, "Labda nisiende mwaka huu. Wakunga hawaishi, chuo kitakuwepo hata mwakani. Nani atamsemea Hamisi shuleni?" Shangazi akakuuliza, "Kwani mama yako hana mdomo?" Ukacheka kidogo, ukasema, "Mdomo anao, shangazi. Ila akifika kwa geti ya shule unafungwa."

Nimetukanwa sana katika maisha yangu, Zai, na wanaojua kutukana. Hakuna tusi lililoniuma kama kicheko kile, kwa sababu ulisema kweli, na kwa sababu ulisema kwa upole, kama mtu anayemtetea mgonjwa wake.

Basi sikiliza, nikueleze mdomo huu ulifungwa wapi. Sehemu nyingine unazijua. Moja huijui.

Unajua nilizaliwa na kusomea Kibera, na Kiswahili ndicho nilichoandikia mitihani yangu. Nilipoolewa na baba yako nikaletwa hapa Kampala, kwenye kambi ya polisi, sikupata shida. Kambini walikuwepo watu wa Arua, wa Gulu, wa Soroti, na sisi Wanubi, na wote tulikutana kwenye Kiswahili. Kilitosha kugombania bomba la maji, kumpongeza aliyejifungua, na hata kumzika mtu. Sikujua kwamba ukitoka nje ya geti lile, lugha yangu inageuka kuwa kitu kingine. Watu wa mji huu wakisikia Kiswahili wanakumbuka vizuizi vya barabarani na mitutu ya bunduki. Wapo walioamriwa kulala kifudifudi kwa lugha hii. Siwalaumu kwa hilo. Nawalaumu kwa namna walivyonifanyia mimi, mwanamke mwenye kitenge na mtoto mkononi, ambaye sijawahi kumlaza mtu chini.

Siku niliyompeleka Hamisi kuanza ile shule ya kwanza, nilijipanga njia nzima. Daktari alikuwa ameshatuambia kuwa ni usonji. Kambini walisema ni majini, na mwingine akasema ni mimi niliyekanyaga kitu, lakini daktari alisema ni usonji, na akasema niwaeleze walimu jinsi mtoto alivyo. Nikapanga maneno: kwamba hapendi kushikwa ghafla, kwamba kengele inamtisha, kwamba akiziba masikio si ukaidi, kwamba akiona kitu kimebadilika bila kuambiwa anaweza kulia mpaka atapike. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, darasa la nne shule hiyo hiyo, soksi moja imeshuka. Nikafungua mdomo. Mwalimu mkuu akaninyooshea kiganja.

"Nnyabo, hapa si barracks. Hapa tunaongea Oluganda ao Kizungu." Halafu akakutazama wewe. "Mutoto aongee."

Ukaongea. Niliyosema mimi yalikuwa marefu, uliyompa yeye yalikuwa mafupi. Yeye naye akasema marefu, na uso wake haukuwa mzuri, na wewe ukanigeukia ukasema, "Mama, amesema ni sawa." Nilijua siyo yote aliyosema. Mama hashindwi kuona mtoto wake anapomeza neno. Lakini nilikuwa na aibu, nilitaka kuondoka pale, nikaona afadhali nikubali hiyo sawa yako niende nayo nyumbani. Tangu siku ile ukawa mdomo wangu, na sikukuuliza kama unataka.

Kila jioni nilikungojea mlangoni. "Hamisi alikuwaje?" Ukasema, "Alikuwa mzuri." Nikakupa chakula.

Sasa ile sehemu usiyoijua. Unakumbuka Hamisi aliporudi na alama kwenye mkono, alama za kucha, nawe ukasema ameanguka. Na unakumbuka baba yako alivyokwenda shuleni kesho yake akiwa na sare ya polisi na bunduki begani. Miaka yote hii umeamini kwamba alikwenda vile kwa ukali wake. Nimekusikia ukisema hivyo, nami nikanyamaza. Zai, baba yako alitaka kwenda na shati. Alikuwa ameshalivaa, lile jeupe la Ijumaa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Vua hilo. Vaa sare. Mimi walinifukuza na kitenge changu, wewe wakikuona na sare watatuheshimu." Akasema si vizuri, kule ni kwa watoto. Nikamwambia, basi pitia ukienda kazini, nani atakuuliza? Nikaipiga pasi mwenyewe. Niliweka wanga kwenye kola. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema; mimi cha kwangu nilikinyoosha kwa mkono wangu.

Aliporudi alikuwa anacheka. "Wamesimama wote," akasema. "Hata yule mwalimu mkuu. Kila ninachouliza: 'Mutoto iko sawa, afande. Hakuna shida, afande.' Kiswahili kimewajia ghafla!" Tukacheka wote wawili. Nikapika gurusa, nikaimwagia sukari, tukala kama watu walioshinda kesi. Tulidhani tumezungumza na shule. Kumbe tulikuwa tumeifunga mdomo, kama walivyofunga wangu.

Kuanzia hapo habari za shule zikawa tamu. Ripoti ya muhula: anaendelea vizuri. Ripoti nyingine: anaendelea vizuri sana. Hakuna aliyetuambia leo amekataa uji, leo amemuuma mwenzake, leo hatumwelewi, tusaidieni. Ningekuwa na akili ningeuliza, anaendelea kwenda wapi? Lakini nilizipenda ripoti zile. Nilizionyesha kwa majirani wale wa majini. Na unga uliokuwa kwenye kaptula yake kila jioni niliupangusa kwa mkono, nikajiambia watoto wanacheza jikoni.

Halafu ukaugua malaria. Ilikuwa wiki ya wazazi kupeleka posho na maharage kwa chakula cha watoto, na kwa kawaida ulipeleka wewe, na siku ile ulikuwa kitandani unatetemeka. Nikajitwika mfuko wa maharage nikaenda. Mlinzi wa getini akanionyesha stoo kwa kidole, hata salamu hakunipa. Nikausukuma mlango kwa goti kwa sababu mikono ilikuwa juu.

Hamisi alikuwa amekaa juu ya magunia ya unga, viatu vimevuliwa na kupangwa vizuri chini. Mwanga ulikuwa mdogo, wa kidirisha kimoja. Darasani walikuwa wanasoma, niliwasikia wanaitikia kwa pamoja ng'ambo ya uwanja. Akanitazama. Hakushangaa wala hakuja kwangu. Alijisogeza tu pembeni mwa gunia, akanipisha nafasi.

Unaelewa, mwanangu? Alidhani na mimi nimeletwa kukaa.

Nikakaa. Ningefanya nini? Nilitua maharage nikakaa kando ya mtoto wangu juu ya unga wa shule. Kengele ilipolia aliziba masikio, lakini kidogo tu, kwa sababu mle ndani ilisikika kwa mbali. Nikaelewa kwamba labda hata walianza kwa kumwonea huruma, labda siku ya kwanza alikimbilia mle mwenyewe na mtu akasema mwacheni. Halafu siku ikawa mwaka. Wangetuambia tungelia, tungegombana, halafu tungetafuta njia. Lakini nani angemwambia afande?

Na jambo la aibu kuliko yote ni hili. Nilimshika mkono tukatoka, tukapita mbele ya ofisi, mwalimu mkuu akawa amesimama mlangoni. Akanisalimu kwa Kiganda, umeshindaje nnyabo. Na mimi nikajibu, "Bulungi." Vizuri! Neno pekee nililomwambia mwanamke yule kwa mwaka mzima, na lilikuwa uongo. Nikapita na mtoto wangu, unga umemjaa matakoni, na hasira yote nikaibeba nyumbani kama nilivyobeba maharage, nikaitua juu yako wewe.

Nilikuchapa kibao ukiwa kitandani na homa. Cha pili kilikupata sikioni. Nilisema umenidanganya, umemuuza ndugu yako. Hukulia. Ulikaa ukashika shuka, ukaniuliza, "Mama, mlitaka niseme nini?"

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na mimi nilisoma methali hiyo darasani nikapata alama zangu. Siku ya kuitumia sikuikumbuka.

Yaliyobaki uliniambia polepole, miezi baadaye, tena vipande vipande. Kwamba mwalimu wake alikuambia, ukimweleza baba yako atakuja na bunduki tena, na siku hiyo mtaondoka wote wawili. Kwamba nyumbani nami nilikuwa nimekuambia, usiniletee maneno ya shule, baba yako ataenda kufanya fujo. Kwamba saa ya mapumziko ulikuwa unampelekea nusu ya andazi lako mle stoo na kusimama naye mpaka kengele ilie, huku wenzako wakicheza. Ulikuwa na miaka kumi tu. Kila upande uliupa maneno uliyoona utayavumilia. Sisi watu wazima tulikuwa radhi nayo.

Ndugu yako alipoingia shule ile alikuwa na maneno machache: dada, gari, maji. Tulipomtoa, maji hakuwa nayo tena. Alikuwa anatuvuta kanzu mpaka kwenye mtungi. Neno hilo lilikaa nje muda mrefu, na liliporudi, kule shule ya pili kwa Mwalimu Prossy, lilirudi kwa Kiganda, "mazzi," na baba yako akasema hata kiu ya mtoto wetu wameichukua. Mlicheka wewe na yeye. Mimi sikucheka, na mpaka leo sisemi kwamba yaliyopita si ndwele. Mwaka ule haujarudishwa na mtu. Mwalimu mkuu yule nilimwona juzi juzi hapa Old Kampala, chini ya msikiti, ananunua vitambaa kwenye duka la Mhindi, amenawiri. Hakunijua. Nilitamani nimwambie kwa Kiswahili fasaha kabisa yote niliyokuwa nimeyapanga njiani siku ile. Nikapita.

Utasema, mama, hayo ya zamani, tulipata shule nzuri, Mwalimu Prossy anatuma sauti kwenye simu kila siku, na tunamjibu. Ndiyo. Yeye hutuma kwa Kizungu chenye Kiganda, wewe unasikiliza, unanieleza, mimi nasema, wewe unarekodi jibu. Hata leo sauti yangu haijawahi kufika kule. Nilijidanganya kwamba nimejifunza. Majuto ni mjukuu, na mimi nimeona mpaka kitukuu, kwa sababu kosa lile lile nimelirudia muhula huu huu, mbele ya macho yako.

Unajua Hamisi alivyoanza kugoma kuingia darasani. Anafika, anashika nondo za geti, haendi mbele wala nyuma. Mwalimu Prossy akatuma sauti akiuliza kama nyumbani kuna kitu kimebadilika. Ukanigeukia. Nikakwambia, "Mwambie kuzuri." Ukanitazama, ukarekodi: nyumbani kuzuri. Ulijua si kuzuri. Kambini tulifundishwa kwamba ya nyumbani hayavuki mlango. Mke wa polisi anayesema ya ndani humharibia mumewe kazi. Kambi tumeiacha zamani, baba yako sasa analinda maghala kule Bugolobi, lakini mlango ule nimeuhamisha nao mpaka kwenye vyumba hivi viwili.

Kilichobadilika unakijua. Baba yako alisema ukienda Lira, Hamisi apelekwe Arua kwa bibi yake, aachane na shule. "Zaituni ndiye anayewaelewa walimu," alisema. "Akiondoka, nani atahangaika? Wewe?" Tukagombana, jioni baada ya jioni, yeye akifunga kamba za viatu kwenda zamu. Arua hivi, Arua vile. Tulipiga kelele kwa sababu tulidhani Hamisi, akikaa kwenye mkeka wake na kuzungusha kile kifuniko chake cha sufuria, hayuko nasi.

Jumatatu nilikwambia nakwenda sokoni, nikamchukua Hamisi mwenyewe. Ilikuwa ni baada ya kile kicheko chako cha jikoni. Kufika getini nikatamani kugeuka kama zamani. Mwalimu Prossy akatoka, chaki mkononi.

"Eh, Mama Hamisi! Na Zai iko wapi leo?"

"Zaituni anasafiri kwenda chuo. Nimekuja mimi."

Akajishika kifua. "Lakini mama, mimi Kiswahili yangu mbovu, mbovu kabisa."

"Na Kiganda changu ni kibovu zaidi. Kizungu ndiyo usiseme."

Akacheka. "Basi tutaongea na hiyo mbovu."

Nikamwambia hapo hapo kabla sijarudi nyuma. Nilimwambia nyumbani si kuzuri. Tunagombana, baba yake anataka kumpeleka Arua, nami ndiye niliyekwambia wewe umfiche. Uso ulinichoma, Zai. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya shule nzima.  Mwalimu akaweka ule mkono wenye chaki mdomoni, ikamwachia alama nyeupe kwenye shavu.

"Arua?" akauliza. "Mama, kumbe ni hiyo! Hamisi anasema 'Arua, Arua' kila siku. Mimi nikafikili ni wimbo ya nyumbani. Nikafulahi, mutoto anaimba! Nikafundisha darasa yote. Asubuhi akifika tunamuimbia, tunapiga na makofi. 'Arua, Arua.'" Machozi yakamtoka. "Mama, tulikuwa tunamufukuza."

Kila asubuhi. Mtoto anatoka kwenye nyumba inayopiga kelele Arua, anafika shuleni anapokewa na darasa zima linalompigia makofi: Arua. Nani asingeshika geti? Mimi ningelishika kwa meno. Na yote hayo kwa sababu ya neno moja, kuzuri, nililokutuma ulipeleke.

Tulilia pale, wanawake wawili wenye lugha mbovu. Halafu akaniambia na lake, kwamba walimhamisha Hamisi kiti muhula ulipoanza na hawakutuambia, waliona ni kitu kidogo. Nikamwambia kwetu hakuna kitu kidogo. Akasema, "Nimesikia, mama." Tukaongea kwa mikono, kwa Kiganda cha sokoni, kwa Kiswahili chake kinachochechemea, na sijawahi kuelewana na mwalimu namna ile. Nilipokuwa narudi nilikasirika kuliko wakati wa kwenda. Kumbe ilikuwa inawezekana! Ulipokuwa na miaka kumi ilikuwa inawezekana. Ningesimama tu pale, nikafukuzwa, nikarudi kesho, nikafukuzwa tena, mpaka wanichoke. Badala yake nilikutanguliza wewe.

Baba yako nilimweleza Jumanne asubuhi. Unajua anavyokaa kwenye kizingiti akivua shati la ulinzi kabla ya kuingia ndani, na hajawahi kusema kwa nini. Mimi najua kwa nini: tangu siku ile ya shuleni hataki sare ivuke mlango wetu. Nikamwambia habari ya wimbo, na nikamwambia sare ile niliitaka mimi, asiendelee kubeba peke yake. Akakaa na shati mapajani. "Uliitaka wewe," akasema, "lakini niliivaa mimi." Halafu akasema tuone muhula huu. Nikiweza, Hamisi abaki. Nikishindwa, Arua. Usidhani ni ushindi. Ni muhula mmoja tu nimepewa, na mwalimu anaweza kuhamishwa, na mwingine anaweza kuninyooshea kiganja. Lakini kiganja hicho kitakuja usoni kwangu, hakitapitia kwako.

Kwa hiyo utakwenda Lira. Na kwa kuwa utakuwa mkunga, nikuambie jambo moja nililolinunua ghali. Watakuja kwako wanawake wameletwa na mama mkwe au mume, na huyo ndiye atakayekujibu kila unachomuuliza mgonjwa. Atasema yuko sawa, hana shida. Mwombe atoke nje. Muulize mwenyewe, hata kama hamna lugha. Na pale chuoni wakikuona mwepesi wa kuelewana na kila mtu, watataka kukufanya mpeleka maneno yao. Kataa. Daraja hukanyagwa na pande zote mbili, na hakuna anayelishukuru akishavuka.

Kesho sitakusindikiza kwenye basi. Najua mama humsindikiza binti yake, na shangazi yako atalisema hili mpaka Idi. Lakini basi lako linaondoka saa ile ile ambayo Hamisi anafika getini, na tumepatana na Mwalimu Prossy kwamba kesho asubuhi mimi na yeye tutamweleza pamoja, kwa picha na kwa maneno yetu, kwamba dada amekwenda Lira na atarudi, na yeye Hamisi haendi Arua. Nikimtuma mtu mwingine, tutakuwa tumerudi stoo. Baba yako atakupeleka. Atavaa lile shati jeupe. Ukitazama dirishani usinione, usidhani nimekasirika. Jua nimesimama kwa geti, na mdomo uko wazi.

Ukifika utapiga simu, na najua utakavyoanza: "Mama, Hamisi alikuwaje leo?" Usianze hivyo. Miaka yote nilikungojea mlangoni na swali hilo, na sikumbuki hata jioni moja niliyokuuliza wewe ulikuwaje. Ulikuwa na shule yako pale pale, na walimu wako, na marafiki uliowaacha uwanjani, na mimi sikutaka hata habari moja.

Kwa hiyo nitauliza mimi kwanza. Nitasema, Zaituni, umeshindaje? Na kama umeshinda vibaya, usiniambie kuzuri. Niambie vibaya, mwanangu. Sitakupiga.

Mama yako